Hatua ya Kumi na Moja

Watu wa Uru, mlimani, walifika Pasua, Moshi mjini, saa moja kasoro asubuhi wakiwa na pikapu ya kukodi na mikungu mitatu ya ndizi mshare nyuma. Walikuwa wamejihimu kwa sababu walijua Waislamu hawalazi maiti. Wanawake wawili walishuka kanga zikiwa viunoni, mmoja ameshaanza kulia, na Efraimu, aliyeshuka wa mwisho, akavua kofia kabla ya kubisha hodi. Mlango ukafunguliwa na marehemu.

"Shemeji," alisema Ally, amevaa msuli na fulana, mswaki mkononi. "Mbona alfajiri hivi? Kafa nani?"

Yule aliyekuwa akilia akanyamaza ghafla, kama redio iliyokatiwa umeme. Efraimu alimtazama shemeji yake kuanzia kwenye miguu, akapandisha macho polepole hadi usoni.

"Ruwa wangu!" alisema, akimtaja Mungu kwa Kichaga. "Ni wewe huyo?"

"Ni mimi. Ingieni basi, mnasimama mlangoni kama wadai."

Sikudhani, mkewe Ally, alitoka uani mikono ikiwa na unga wa vitumbua. Alizaliwa Uru, akasilimu alipoolewa na kuchukua jina hilo, na tangu hapo kaka yake Efraimu hakuwahi kuja mjini bila kutoa taarifa. Alipoiona kofia mkononi mwa kaka yake, akaegemea ukuta.

"Nani, kaka? Niambie upesi."

"Mumeo."

"Mume wangu gani? Si huyo hapo?"

Efraimu akatoa simu mfukoni na kumkabidhi Raya, binti wa Ally na Sikudhani, aliyekuwa ametoka chumbani amevaa kwenda kazini na bado hajamaliza kusema shikamoo. "Marahaba. Soma mwenyewe, wewe ndiye msomi. Imeingia jana jioni, namba yangu ndiyo uliyowaandikia ya ndugu wa karibu."

Raya akasoma kwa sauti. *Mfuko wa Tegemeo unatoa pole kwa kifo cha mtegemezi ALLY RAMADHANI kilichotokea tarehe 10 Aprili. Kadi yake ya matibabu imefungwa. Mungu awape subira.* Alipofika kwenye tarehe alikohoa, akasingizia mafua.

Ally alicheka mpaka akashika mlango. "Hata mimi sikualikwa! Na hizo ndizi, shemeji, ni zangu?"

"Nani huyo anayecheza na mauti hivi?" aliuliza Sikudhani. Yeye hakucheka.

"Mtandao, mama," alisema Raya. "Itakuwa mtandao tu. Napita ofisini, nitaulizia."

"Na kesho? Kesho ni siku yake ya mashine."

Hapo kicheko kikaisha. Figo za Ally zilikuwa zimekufa mwaka wa pili sasa. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alilazwa saa nne nzima damu yake ikipita kwenye mashine hospitalini, ikasafishwa na kurudishwa. Kilichokuwa kikilipa ni kadi ile, aliyoipata kama mtegemezi wa Raya kupitia kazi ya Raya. Bila kadi hakuna mashine, na bila mashine, daktari alikuwa ameshawaambia, angeishi wiki chache tu.

Efraimu alikataa kurudi na ndizi. Alisema yeye hapandi mlima na ndizi za msiba, kwa hiyo zikamenywa, zikapikwa na nyama, na watu waliokuja kumzika Ally wakala pamoja naye mkekani. Raya hakuonja. Alikuwa ameshafika barabarani, anakimbia.

Tarehe kumi aliijua. Aliichagua yeye.

&nbsp;

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri la baba yake Tanvir, na harufu ya grisi ilipanda hadi kwenye kompyuta. Tanvir alikuwa kijana wa Moshi, mzaliwa wa mtaa uleule ambao babu yake alifungulia duka. Alikuwa amepata kazi kutoka kwa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotengeneza wakala. Wakala huyu hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya akili bandia inayofungua mtandao yenyewe, inasoma ukurasa, inajaza fomu na kubofya vitufe kama karani, ili mwajiri mwenye wafanyakazi mia tano asihitaji kuajiri mtu wa kuwaingiza na kuwatoa kwenye bima.

Lakini wakala hakuzaliwa akiijua tovuti ya Mfuko wa Tegemeo. Lazima aandikiwe mwongozo: vyombo alivyo navyo, kama kubofya na kusubiri, ni vipi, kila kimoja kinafanya nini, kinatumika wapi na wapi kisitumike. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Raya mshahara, na kadi, kwa mwaka na miezi saba. Aliipenda kuliko alivyokiri. Tanvir akisema brauza, yeye aliandika kivinjari. Tanvir akisema ejenti, yeye aliandika wakala. Chini ya chombo cha *subiri* aliandika: *Kiduara kikizunguka usibofye tena. Tovuti hii ni nzito. Ukibofya mara mbili utamwandikishia mtu mtoto ambaye hakumzaa.* Watu wa Dar walicheka, wakasifu, wakasema hawajaona mwongozo unaosomeka hivyo.

Tanvir hakumkaribisha kukaa. Alimgeuzia kioo cha kompyuta. Jana yake, Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, wakala alikuwa ameacha taarifa: *Nimesoma mwongozo wa kuondoa mtegemezi. Nimetekeleza hatua zote kumi na moja. Ombi limepokelewa.*

"Ulimpeleka kwenye tovuti ya kweli, kaka Tanvir?"

"Kuna nyingine? Mfuko hawana tovuti ya majaribio, unajua."

"Tulikubaliana asome tu."

"Dar walitaka kuona. Nikamwambia hakikisha mwongozo unafanya kazi. Akahakikisha."

"Juu ya ukurasa nimeandika *mfano*. Kwa herufi nene!"

"Nimeiona. Na chini yake umeandika jina la kweli, namba ya kweli, na hatua ya kumi na moja, bofya Thibitisha. Ulitegemea afanye nini, Raya? Akuulize unamaanisha?"

Makosa yalianzia mbali kuliko ofisi ile. Kabla ya kusomea diploma, na baada yake, Raya alikuwa amefanya kazi kwenye steshenari karibu na stendi, akiwajazia watu fomu za mtandaoni. Kule fomu mpya ilipotoka, karani alijifunza kwa majina ya nyumbani kwao. Namba za kubuni zinakataliwa kwenye ukurasa wa pili. Namba ya mama yako au kaka yako inakupeleka hadi mwisho, unaona kila kinachoulizwa, kisha unafunga. Wote walifanya hivyo na wote walijua pa kuishia. Hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake asibofye kitufe cha mwisho, kama vile hakuna anayemwambia mwenzake avue viatu kabla ya kuoga.

Ndivyo alivyomwandikia wakala. Aliingiza namba yake mwenyewe, akamchagua mtegemezi wake mwenyewe, na palipoulizwa sababu ya kumwondoa akachagua *amefariki*, kwa kuwa ndiyo iliyofungua visanduku vingi zaidi na ndiyo iliyohitaji maelezo zaidi. Tarehe aliweka ya siku ileile aliyokuwa akiandika, Ijumaa. Alipofika kwenye Thibitisha yeye alifunga ukurasa, akaenda kununua chai.

"Rekebisha basi," alisema. "Mrudishe."

"Nimejaribu tangu asubuhi. Aliyefariki harudishwi mtandaoni, Raya. Harudishwi."

&nbsp;

Alhamisi walikwenda hospitali hivyohivyo, kwa matumaini kwamba pengine mashine ya kusoma kadi ya pale haijapata habari. Raya alikuwa bado hajasema. Karani wa dirishani alipitisha kadi, akapitisha tena, akaifuta kwenye shati lake na kuipitisha mara ya tatu.

"Mzee, hii kadi ni ya nani?"

"Yangu."

"Mfumo unasema mwenye kadi amefariki."

"Mfumo unasema hivyo. Na wewe unasemaje?"

Karani akainua macho, akayashusha. "Mimi sina la kusema, mzee wangu. Isipofunguka naweza kupokea taslimu tu. Laki mbili na arobaini."

Sikudhani alifungua pindo la kanga. Mlikuwa na elfu thelathini na saba za vitumbua na mchango wa kikundi. Alizitandaza dirishani noti kwa noti, akizinyoosha, kana kwamba zikinyooka zingeongezeka. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na mwanamume mmoja mwenye bandeji kichwani akasema kwa sauti, "Marehemu asipangiwe foleni, jamani, mpisheni apite!" Watu wakacheka. Ally akageuka, akacheka nao, lakini alichelewa kidogo, na kila mtu aliona.

Muuguzi Kornelia, aliyemzoea kwa mwaka wote ule, alitoka ndani akambonyeza miguu kwa kidole gumba. Shimo lilibaki kwenye nyama, halikufutika.

"Asinywe maji zaidi ya kikombe," alimwambia Sikudhani. "Ndizi hapana kabisa, zina chumvi inayosimamisha moyo. Hajala ndizi?"

Sikudhani akautazama mguu wa mumewe. Kornelia akashusha sauti. "Jumamosi asikose. Nasema asikose, mama. Mengine mtajua wenyewe."

Kwenye korido, karibu na ndoo za kudekia, Raya alimwambia mama yake. Aliyasema yote kwa mfululizo, mwongozo, mfano, wakala, Tanvir, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake mwenyewe yakizidi kukosa maana mbele ya mwanamke aliyeshika kanga yenye elfu thelathini na saba.

"Subiri," alisema Sikudhani. "Hayo ya mashine siyajui. Niambie kitu kimoja. Wewe, kwa vidole vyako hivi, ulimwandika baba yako amekufa?"

"Ilikuwa mfano, mama."

"Ukamchagulia na tarehe?"

"Fomu inataka tarehe."

"Na ugonjwa? Haikutaka ugonjwa?"

Raya akatazama ndoo. "Ilitaka. Niliandika figo."

Mama yake hakupandisha sauti wala mkono. Alikunja pindo la kanga, akalifunga fundo, akalikaza kwa meno, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la mbali upande ule aliokaa mumewe, akampa mgongo binti yake.

&nbsp;

Kwenye ofisi ya Mfuko walipokelewa na afisa aitwaye Elisifa, mwanamke mwenye miwani ya kuning'inia kwa mnyororo, ambaye hakuwa mkali wala mpole. Alisoma kioo, akamtazama Ally aliyekuwa akihema kwa mdomo, akasoma tena.

"Kumfunga mtu ni dakika mbili," alisema. "Kumfungua ni barua. Ya kwanza ya mtendaji wa kata, kwamba mzee yu hai, na mashahidi wawili. Ya pili ya mwajiri, aseme kosa lilifanywa na nani na vipi. Mkileta kesho kabla ya saa tisa, Jumamosi anatibiwa."

"Lilifanywa na wakala," alisema Raya. "Programu. Haikuwa mtu."

"Hapa kwenye fomu pana jina, cheo na saini. Huyo wakala ana saini?"

"Hana."

"Basi niletee mwenye saini. Ukiniandikia programu, napeleka makao makuu wachunguze, na uchunguzi ni wiki tatu au nne. Sikutishi, binti. Nakwambia ili ujue."

Ally alijikongoja kuinuka. Aliposimama ilibidi ashike meza. "Dada," alimwambia Elisifa, "mimi ni fundi cherehani. Nguo nikiikata vibaya naiona palepale mezani. Ninyi mnaionaje?"

Elisifa akavua miwani. "Mpaka mwenyewe aje, mzee."

&nbsp;

Ijumaa asubuhi Efraimu alishuka tena kutoka Uru, safari hii bila ndizi. Mtendaji wa kata alimtaka Ally asimame, ataje jina lake na la baba yake, na aeleze mwenyewe kwamba yu hai. Ally akasema, "Nipo, kama unavyoniona," mtendaji akasema hiyo haitoshi kuandika, aseme wazi. Akasema wazi. Efraimu, aliyekuja Jumatano kumzika, akatia saini ya shahidi wa kwanza, na jirani wa Pasua akatia ya pili.

Barua ya pili Raya aliifuata peke yake. Tanvir alikuwa ameshaichapa. Ilisema kwamba mfanyakazi Raya Ally, akitumia akaunti ya kampuni, *kwa mkono wake mwenyewe na kwa uzembe*, alituma taarifa ya kifo kisichotokea. Wakala hakutajwa popote.

"Hii siyo kweli," alisema Raya.

"Najua."

"Aliyemtuma wakala ni wewe."

"Najua, Raya. Sikukatalii." Alikuwa amekonda usoni, kama aliyekosa usingizi. "Dar wanasaini mkataba mkubwa mwezi ujao. Wakisikia wakala wao kaua mtu Moshi, wanaondoka, na hapa tuko watu wanne. Nikiandika ukweli, Mfuko watachunguza. Wiki nne. Baba yako ana wiki nne?"

Chini dukani mtu alikuwa akigonga chuma kwa nyundo. Raya akasubiri iache, haikuacha.

"Na kazi yangu?"

"Aliyetuma taarifa ya uongo haruhusiwi tena kugusa akaunti. Ni sharti la Mfuko, siyo langu. Mshahara wa mwezi huu nakulipa wote. Kadi itakwenda mpaka tarehe thelathini."

"Kwa hiyo unamfufua mpaka tarehe thelathini."

Tanvir akatazama dirishani. "Usiniongelee hivyo. Tumekula pamoja hapa."

Raya akasoma ile barua tena, mstari kwa mstari. Kisha akasema, "Toka kwenye kiti. Imeandikwa vibaya. Wakiisoma hivi watauliza maswali." Akakaa, akaifuta yote, akaiandika upya. Aliandika alivyoketi, alivyoingiza namba, alivyokusudia kuufunga ukurasa na kidole kikateleza. Alijipa uzembe wa kiasi, majuto ya kiasi. Ilikuwa barua nzuri. Mtu yeyote angeiamini. Tanvir aliisoma na hakubadilisha hata nukta.

Kabla hajainuka alifungua mwongozo, ukurasa wa kuondoa mtegemezi. Akafuta jina la baba yake popote lilipokuwa, mara tisa, na chini ya hatua ya kumi akaongeza: *Ishia hapa. Muulize mtu.* Tanvir aliona, hakumzuia. Ilikuwa saa nane na nusu alipofika kwa Elisifa, ametota jasho, barua mbili ndani ya bahasha.

&nbsp;

Jumamosi kadi ilikubali. Karani alisema, "Haya, mzee, karibu tena duniani," na safari hii hakuna aliyecheka. Ally alikuwa amebebwa kutoka kwenye bajaji, midomo rangi ya majivu, na Kornelia alimfunga mirija haraka bila maneno. Baada ya saa moja pumzi ilishuka. Baada ya saa mbili akafumbua macho, akamwona Raya kwenye stuli. Sikudhani alikuwa upande wa pili wa kitanda, akimsugua mume wake mguu. Tangu Alhamisi alikuwa akimtengea binti yake chakula na kumwitikia salamu, basi.

"Barua uliyopeleka," alisema Ally. "Nisomee."

Raya alikuwa na picha yake kwenye simu. Akasoma. Baba yake alisikiliza macho yakiwa kwenye dari, kama anayepitisha kidole kwenye mshono.

"Umeandika vizuri. Hapo pa kidole kuteleza. Kiliteleza?"

"Hapana, baba."

"Tanvir ndiye?"

"Yeye na mimi."

"Kwa hiyo wa kwanza ulikuwa uongo nikafa, na wa pili uongo nikapona." Akavuta pumzi. "Na kazi?"

Raya alitikisa kichwa. Mkono wa Sikudhani ukasimama juu ya mguu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili akamtazama binti yake usoni.

"Na kadi?" aliuliza mama.

"Mpaka tarehe thelathini."

Mashine iliendelea kuzungusha damu. Kornelia alipita, akasoma namba, akaandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Leo tarehe ngapi?" aliuliza Ally.

"Kumi na nane."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa mirija. Akainua wa kulia na kuanza kuhesabu siku za mashine zilizobaki, akikunja kidole kimoja kimoja: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, Jumanne, Alhamisi. Mkono mmoja ulitosha. Akabaki ameushikilia hewani hivyohivyo, ngumi imefumba, mpaka Sikudhani alipoushika na kuulaza kitandani.